MAISHA YA ROBERT WILLIAMS, MJENGAJI WA RELI YA BENGUELA



Safari hii sisi wa mwaka wa sita tumechagua kuwaandikia maisha ya Robert Williams. Njia ya gari ya moshi inayopita hapa Kolwezi kwenda Mutshatsha, Kasaji na Dilolo ilitokana na mpango wake. Wengi kati yetu wanataka kuwa mainjeniere. Basi ni vizuri tujue namna kazi kubwa inavyotayarishwa mbele ya hatari, na ni nani anayebeba hatari zile.

Williams alizaliwa mwaka wa 1860 ku Aberdeen, Uskoti. Mwaka wa 1881 alikwenda Afrika ya Kusini, na ku Kimberley, penye almasi, akajuana na Cecil Rhodes. Mwaka wa 1899 aliunda kampuni ya Tanganyika Concessions, na mwaka wa 1900 akapata ruhusa ya kutafuta madini Katanga. Tusidanganyike kwamba watu wake njo walivumbua shaba. Wazee wetu walikuwa wanaichimba na kuiyeyusha tangu zamani, na misalaba ya shaba ilikuwa feza yao. Mwaka wa 1906 Union Minière ikazaliwa, na kampuni ya Williams ilikuwa na sehemu ndani yake.

Shida ilikuwa njia. Shaba iko katikati ya Afrika, bahari iko mbali. Reli ya kusini ilifika Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910, lakini kwa kupitia kule mzigo ulizunguka sana mpaka Beira. Williams alitazama upande wa magharibi, ku Lobito, bandari ya Angola. Mwaka wa 1902 serikali ya Ureno ilimpa mkataba wa miaka 99, na mwaka wa 1903 kazi ikaanza.

Hatari zilikuwa nyingi. Karibu na bahari nchi ni kavu, maji ya watu na ya mashine yalikosekana. Nyuma ya pale kuna mlima mkali. Mahali fulani waliweka reli yenye meno katikati, mashine ipate kushika isirudi nyuma, na meno yale yalitumika mpaka mwaka wa 1948. Tena mashine zilikula kuni nyingi sana. Kampuni haikungoja pori liishe, ilipanda miti ya eukaliptus kando ya njia. Na kazi haikufanywa yote mara moja. Ilikwenda kipande kwa kipande, na kilichokwisha kilifunguliwa: mwaka wa 1912 gari lilifika Huambo.

Lakini kuna hatari ambazo injeniere hawezi kuzipima kwa kamba. Vita ya 1914 ilisimamisha kazi kwa miaka. Reli ilifika mpakani mwaka wa 1929, na mwaka wa 1931 njia ya Tenke mpaka Dilolo ikaunganishwa nayo. Kumbe wakati ule bei ya shaba ilikuwa imeanguka katika dunia nzima! Zaidi ya hayo, tangu mwaka wa 1928 Wabelgiji walikuwa na njia yao ya kupitia Ilebo, na walipenda shaba ipite kule. Williams alishinda mlima na ukame, halafu mzigo aliouhesabu ukakwenda kwingine.

Hata hivyo yeye alipata heshima. Mwaka wa 1928 mfalme wa Uingereza alimpa cheo cha Sir. Alikufa mwaka wa 1938. Na wale waliobeba mataruma na kuchimba miamba? Nyakati zile Wareno walikuwa wanalazimisha watu wa Angola kufanya kazi. Wenye feza waliogopa kupoteza feza. Mfanyakazi alikuwa hatarini kupoteza uhai, na hakuna aliyemuuliza kama anakubali. Majina yao sisi hatuyajui. Hapo njo tunaona kasoro kubwa ya kazi ile.

Hatari haikwisha reli ilipokwisha. Mwaka wa 1975 vita ya Angola iliifunga, na kwa miaka mingi shaba yetu haikupita kule. Wachina waliijenga upya, kazi ikaisha mwaka wa 2014, na mwaka wa 2022 Angola ilitia sahihi mkataba mpya wa miaka 30 juu ya reli hiyo.

Wadogo zetu, mkipewa siku moja kujenga daraja, barabara ao mgodi, hesabuni maji, kuni, feza na vita kama Williams. Lakini yeye alipoanzia hesabu yake, sisi tusianzie pale. Tuanze na mtu mwenye kushika sururu: atarudi nyumbani jioni ao hapana? Kama jibu halijulikani, mpango ule haujakuwa tayari.