Rudolf Diesel: Mhandisi aliyetaka moto uwake kwa hewa peke yake

Mtaa wa Kiriri umekaa mlimani, juu ya mji wa Bujumbura, na asubuhi zake huwa na ubaridi kidogo kuliko kule chini kando ya Ziwa Tanganyika. Mwenye gari la zamani la mazutu hulitambua hilo anapogeuza ufunguo: injini inazunguka, moshi mweupe unatoka nyuma, gari haliwaki. Kuna wanaoliegesha jioni likielekea mteremko, ili kukicha libingirike lenyewe kuelekea mjini. Fundi wa Buyenzi akiitwa, kitu cha kwanza atakachokiangalia ni buji za kupasha moto. Injini hiyo imebeba jina la mtu, Rudolf Diesel, ambaye alifariki mwaka 1913, takriban miaka 10 kabla injini yake haijaingia katika lori la kwanza.

Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria, na baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza vitu vya ngozi. Mwaka 1870 vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Prussia, familia ililazimika kukimbilia London. Maisha ya ukimbizi yalikuwa magumu, na mtoto huyo mwenye umri wa miaka 12 alitumwa peke yake Augsburg, kwa jamaa aliyekuwa mwalimu wa hisabati. Huko alipata shule, na kutoka huko akapata nafasi ya kusoma uhandisi mjini Munich kwa msaada wa masomo.

Mwalimu wake Munich alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza barafu. Darasani Diesel alisikia kwamba injini ya mvuke hupoteza sehemu kubwa mno ya joto la makaa inayoyala. Jambo hilo halikumtoka tena kichwani. Husimuliwa pia kwamba aliwahi kuonyeshwa kifaa kidogo kutoka Asia ya kusini-mashariki: mrija uliozibwa upande mmoja, na kijiti kinachosukumwa ndani kwa nguvu moja ya ghafla. Hewa iliyobanwa humo hupata joto hadi kuwasha kipande cha kitu kikavu. Hakuna kiberiti wala cheche. Iwe kweli au iwe hadithi iliyopambwa baadaye, wazo lote la injini yake limo katika mrija huo.

Alimaliza masomo mwaka 1880 kwa matokeo bora kabisa, akafanya kazi kwa Linde jijini Paris, akaoa mwaka 1883, akapata watoto watatu. Usiku alikuwa akipiga mahesabu. Mwaka 1892 aliomba hataza jijini Berlin, na mwaka uliofuata akaipata. Tarehe 10 Agosti 1893, katika kiwanda cha Augsburg, injini ya kwanza ilijaribiwa: ilitoa mlipuko uliovunja kipimo cha shinikizo, na ingeweza kumuua. Hata hivyo mlipuko huo ulithibitisha kwamba hewa iliyobanwa inaweza kuwasha mafuta. Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa takriban dakika moja tu. Miaka mingine mitatu ilipita katika marekebisho, na shinikizo alilokuwa amelipanga kwenye karatasi ikabidi lipunguzwe sana. Tarehe 17 Februari 1897 mtaalamu wa Munich aliipima rasmi, akakuta kwamba inageuza zaidi ya asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Injini nyingi za mvuke za wakati ule hazikufikia nusu ya kiwango hicho.

Injini yake, basi, haikuhitaji cheche. Pistoni inaibana hewa mpaka inafika nyuzi 500 na zaidi, mafuta yanapulizwa ndani, yanawaka. Lakini injini zake za mwanzo zilikuwa kubwa kama nyumba ndogo, zimefungwa kiwandani, na zilipuliziwa mafuta kwa mtungi wa hewa iliyoshindiliwa. Gari lilihitaji injini ndogo, na katika injini ndogo chuma baridi hunyonya joto la hewa kabla mafuta hayajashika moto. Hali huwa mbaya zaidi katika zile zenye chumba kidogo cha kuanzia moto pembeni ya silinda, ambazo ndizo zilizomo katika magari mengi ya zamani. Ndiyo maana hata Bujumbura, mji wa joto, buji hizo zina kazi. Ni wahandisi wa miaka ya 1920 waliozitia: kila silinda ikapewa buji yenye waya wa ndani unaopashwa kwa umeme wa betri mpaka unakuwa mwekundu. Injini ikishawaka na kupata moto, inajitegemea kama Diesel alivyotaka.

Namna waya zilivyofungwa ndiyo inayomwambia fundi aanzie wapi. Katika magari ya kale zaidi umeme hupita buji moja hadi nyingine kama shanga katika uzi mmoja; moja ikikatika, zote zinakufa, na gari halitoi hata dalili ya kuwaka. Katika yaliyofuata, kila buji hupokea umeme wake kutoka kwenye ukanda mmoja wa chuma. Hapo moja ikiungua gari huwaka, ila kwa kutetemeka na moshi mweupe, mpaka silinda hiyo ipate joto. Watu wengi huvumilia hali hii miezi mingi, na betri na stata ndizo zinazolipa gharama.

Kupima hakuhitaji mashine ya bei. Katika gari la aina hii ya pili, buji hutolewa waya wake, kisha taa ndogo ya majaribio ikaungwa kwenye chanya ya betri na ncha yake ikagusishwa kichwa cha buji. Taa ikiwaka, waya wa ndani ni mzima. Isipowaka, buji imeungua. Zikiwa zote nzima na gari bado linagoma, taa iungwe kwenye chuma cha injini na iguse ukanda ule wakati ufunguo uko mahali pa kupasha moto. Isipowaka hapo, lawama si ya buji: ni fyuzi kubwa, rile, au waya ulioliwa na kutu. Taa ya dashibodi si shahidi wa kuaminika, kwa kuwa katika magari kadhaa inahesabu sekunde tu. Na buji mpya lazima iwe na volti zilezile zilizochapwa kwenye ya zamani. Ya volti chache ikifungwa penye nyingi huungua mara moja.

Kwa Diesel mwenyewe fedha zilikuja kwa wingi baada ya 1897. Viwanda vya nchi nyingi vilinunua haki ya kutengeneza injini yake, naye akajenga jumba kubwa Munich. Lakini hakuwa mfanyabiashara. Kesi za hataza zilimchosha, afya ikamwangusha, na fedha alizoziweka katika ardhi na hisa zikayeyuka. Kitabu chake cha mwaka 1903 kuhusu wafanyakazi kumiliki viwanda kwa umoja, ambacho alikithamini sana, kilipata wasomaji wachache mno. Kufikia 1913 meli zilikuwa zikivuka bahari kwa injini yake, na mwenyewe alikuwa amezama katika madeni.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli iitwayo Dresden huko Antwerp, akielekea Uingereza kwa mkutano wa kampuni. Alikula chakula cha usiku, akaomba aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo, akaingia chumbani. Asubuhi kitanda kilikutwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikuwa kwenye sitaha ya nyuma. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona mwili majini, wakachukua vitu vya mifukoni na kuuacha mwili baharini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake. Magazeti yalitaja wapelelezi na maadui wa kibiashara, lakini hakuna ushahidi uliopatikana, na madeni yale yanatosha kuwafanya wengi waamini kwamba alijitupa.

Mwaka huohuo, katika mji wa Papenburg, Wajerumani walikuwa wakiunda meli ya kuletwa Ziwa Tanganyika, ile ambayo baadaye iliitwa Liemba na kutia nanga Bujumbura mara nyingi. Walipoijenga waliifunga injini za mvuke. Ilipata za dizeli katika miaka ya 1970.