Chemirocha: Staa wa gitaa ambaye Wakipsigis walimpa miguu ya swara

Kama uko Silibwet na mwaka huu unagonga miaka 30, pengine ushaanza kupiga hesabu. Bonasi ya majani chai ikiingia, kwa nini usijinunulie gitaa la umeme? Hata kama ni lililotumika, lenye mikwaruzo ya mwenyewe wa kwanza, si ni zawadi yako? Basi kabla hujamtumia muuzaji pesa, mjue Jimmie Rodgers. Huyu alifikisha 30 akiwa na gitaa, mapafu mabovu na karibu hakuna kingine. Miaka 23 baadaye wasichana wa Kapkatet, mwendo wa matatu tu kutoka kwenu kupitia Bomet na Kaplong, walikuwa wakimwimba. Wakati huo alikuwa kaburini kitambo.

Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, upande wa Meridian, jimbo la Mississippi huko Marekani. Mama yake alifariki Jimmie akiwa bado mdogo. Baba alikuwa mtu wa reli, na kijana akakulia humo humo relini: kwanza akiwapelekea vibarua maji ya kunywa, baadaye akifunga breki za mabehewa. Vibarua wengi walikuwa Wamarekani weusi, na inasimuliwa kuwa bluzi aliichota kwao. Hili watu hupenda kulipita haraka. Muziki wa kantri, ule ambao redio zetu huupiga Jumapili na wazazi wetu wakatulia tuli, ulikuwa na mkono wa mtu mweusi tangu mwanzo.

Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson. Pesa hazikuwepo. Mwishoni mwa 1923, Jimmie akiwa mbali akitafuta kibarua, binti yao mdogo June alifariki. Inasimuliwa kuwa ilibidi aweke banjo yake rehani ndipo apate nauli ya kurudi nyumbani. Ukipita kwenye duka la vyombo vilivyotumika ukaona gitaa limening'inia, ujue huenda lina hadithi ya aina hiyo nyuma yake. Si kila anayeuza amechoka na muziki.

Mwaka 1924 akaambiwa ana kifua kikuu. Dawa ya kukiponya ilikuwa bado haijagunduliwa, na kazi ya reli ikaisha hivyo. Mwingine angekaa kitandani asubiri. Yeye akabaki na gitaa.

Julai 1927 kampuni ya Victor ilimtuma Ralph Peer hadi mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, kutafuta waimbaji. Rodgers akaenda na wenzake wa bendi. Usiku wa kuamkia kurekodi wakakosana, ugomvi wenyewe ukiwa jina la nani liandikwe kwenye santuri. (Bendi zenu zikivunjika kwa sababu ya nani yuko mbele kwenye posta, msidhani mmeanzisha kitu kipya.) Wenzake wakaenda zao. Tarehe 4 Agosti akasimama peke yake na gitaa lake, akarekodi nyimbo mbili. Mwezi mmoja na siku nne baadaye akatimiza miaka 30.

Kilichofuata kilikuwa cha kasi. Novemba mwaka huo akarekodi wimbo wa kwanza wa mfululizo aliouita Blue Yodel, na santuri zikauzika ajabu. Yodeli ni ule mtindo wa sauti kuruka ghafla kutoka chini kwenda juu, kama imevunjika ikajiunga tena. Mwaka 1928 kampuni ya Martin ikamtengenezea gitaa lenye jina lake shingoni. Nyuma yake liliandikwa neno la asante, kichwa chini miguu juu, ili akimaliza kuimba aligeuze hadhira isome. Mwaka 1930 akarekodi na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi, katika nchi iliyokuwa bado inawatenga watu kwa rangi.

Gitaa la umeme hakuliwahi hasa. La kwanza la Rickenbacker liliingia sokoni 1932, na kufikia Mei 1933 Rodgers alikuwa New York, akirekodi na kulala kidogo kati ya wimbo na wimbo kwa sababu pumzi haikutosha. Tarehe 26 akafariki, miaka 35.

Santuri hazikufa naye. Gramafoni za kuzungusha kwa mkono zilizifikisha hadi nchi ya Wakipsigis. Watu wakasikia sauti inayoruka na nyuzi zinazolia, mwenyewe haonekani. Jina Jimmie Rodgers likageuka Chemirocha, likakaa mdomoni kama Chemutai au Chelangat.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo za kienyeji, alifika Kapkatet na mashine yake. Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wakamwimbia Chemirocha kwa chepkong, kinubi chetu. Katika wimbo huo, Tracey alieleza, Chemirocha ni nusu mtu nusu swara, na anaalikwa acheze aruke hadi nguo zimtoke.

Wengi hucheka wakisikia hivyo, eti watu wa zamani walidanganywa na gramafoni. Mimi sikubali. Sauti inayoruka vile, ungeipa miguu gani kama si ya swara? Na wale walikuwa mabinti wakitania mwanamume asiyeonekana. Hiyo ni akili, si ushamba.

Rekodi ikaenda Afrika Kusini na kukaa kwenye maktaba ya Tracey. Wageni wakaisifu miaka na miaka, huku Kapkatet kwenyewe wengi hawana habari. Nakala zilirudishwa kijijini 2015, miaka 65 baadaye, na wakapatikana wazee waliokumbuka siku ile.

Gitaa la Martin nalo lilipata mwenyewe wa pili. Mwaka 1936 mjane Carrie alimwazima kijana asiyejulikana, Ernest Tubb, ambaye alilitumia kwa karibu miaka 40. Tubb huyo huyo mwaka 1941 alirekodi Walking the Floor Over You na gitaa la umeme likisikika wazi, na akasaidia kuueneza umeme kwenye kantri. Siku hizi gitaa liko Meridian, kwenye makumbusho ya Rodgers.

Lako ukilipata, angalia kwanza shingo kama imepinda, kisha lichomeke kwenye spika uzungushe vitufe usikie kama vinakwaruza. Ukiridhika, tafuta Chemirocha mtandaoni, rekodi ya wasichana, ujaribu kuifuata kwa sikio.