Abeti Masikini, binti wa Kisangani aliyewafungulia mlango wasichana wa kuitikia

KANYABAYONGA – Barabara inayotoka Goma hupanda mlima kutoka bonde la Rwindi, hupita Kanyabayonga, halafu huendelea kwenda Lubero, Butembo, Beni na Komanda. Pale Komanda, anayeelekea magharibi huingia msituni na kupita Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende mpaka Kisangani. Ni katika mji huo, wakati ule ukiitwa Stanleyville, ndipo alipozaliwa tarehe 9 Novemba 1954 mtoto aliyepewa jina la Elisabeth Finant. Afrika nzima ilikuja kumjua kwa jina lingine: Abeti Masikini.

Zaidi ya miaka 30 imepita tangu afariki. Wapenzi wa muziki wa zamani bado wanaikumbuka sauti yake pana na mavazi yake ya jukwaani. Wachache wanakumbuka kazi nyingine aliyoifanya: kuwapokea wasichana, kuwafundisha kuimba na kucheza nyuma yake, na kuwatoa wakiwa wanamuziki kamili. Kikundi chao kiliitwa Tigresses. Historia ya wanawake katika muziki wa Congo haiwezi kuelezwa vizuri bila kupitia kwao.

Utoto wa Abeti uliguswa mapema na siasa. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mtu wa chama cha MNC cha Patrice Lumumba. Congo ilipopata uhuru mwaka 1960, ndiye aliyechaguliwa kuongoza Jimbo la Mashariki. Hakukaa madarakani muda mrefu. Alikamatwa, akapelekwa Bakwanga, mji unaoitwa leo Mbuji-Mayi, na kuuawa huko Februari 1961 pamoja na wafuasi wengine wa Lumumba. Ilikuwa majuma machache tu baada ya Lumumba mwenyewe kuuawa Katanga. Binti yake alikuwa na umri wa miaka 6.

Mama aliwachukua watoto na kuhamia mji mkuu. Abeti alisoma huko kwa masista, akamaliza masomo na kupata kazi ya ukarani. Kwa msichana wa familia iliyopoteza baba, kazi ya ofisi ilikuwa usalama. Lakini nyumbani muziki haukukauka. Ndugu yake, Abumba, alipiga gita na kutunga nyimbo, naye Abeti aliimba. Jukwaani wote wawili walitumia jina la upande wa mama yao, Masikini. Kila anayesema Kiswahili analielewa jina hilo bila kutafsiriwa.

Mwaka 1971 Abeti alishiriki mashindano ya vijana wenye vipaji mjini Kinshasa. Hakushika nafasi ya kwanza, ila kati ya waliomsikiliza alikuwepo Gérard Akueson, mtu wa Togo aliyekuwa akitafuta na kusimamia wanamuziki. Akueson aliona kitu ambacho waamuzi hawakukiona. Akawa meneja wake, na baadaye akawa mume wake na baba wa watoto wake.

Kazi haikuwa rahisi. Mwanamke aliyeimba rumba hakuwa jambo geni kabisa, kwa sababu Lucie Eyenga alikuwa amerekodi nyimbo huko Léopoldville tangu miaka ya 1950. Lakini Eyenga na wenzake waliimba katika orkestra za wanaume. Wanaume ndio waliokuwa na vyombo, waliopanga mazoezi na kugawa pesa. Abeti alitaka kitu kingine: orkestra yake mwenyewe, wanaume wakipiga magita na ngoma nyuma ya mwanamke anayewaongoza. Orkestra hiyo iliitwa Redoutables, maana yake watu wa kuogopwa.

Mwanzoni Kinshasa haikumpokea vizuri. Konseri zake za kwanza zilipata watu wachache, maana mji ulikuwa umezoea majina makubwa ya Franco na Tabu Ley Rochereau. Akueson alimpeleka kwanza Afrika Magharibi, kisha Ulaya. Tarehe 19 Februari 1973, akiwa na umri wa miaka 18 tu, Abeti alipanda jukwaa la Olympia mjini Paris, ukumbi ambao Tabu Ley alikuwa ameimba mwishoni mwa 1970. Mwaka huo huo albamu yake ya kwanza ilitoka Ufaransa chini ya jina la mshonaji mashuhuri Pierre Cardin. Kati ya nyimbo zake upo Mutoto Wangu, jina linaloandikwa kwa Kiswahili cha kwetu huku mashariki. Aliporudi nyumbani, wale ambao hawakumjali walikuwa wakimngojea.

Mwaka uliofuata, dunia ya muziki wa watu weusi ilikuja Kinshasa. Kuanzia tarehe 22 mpaka 24 Septemba 1974, kabla ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, tamasha la Zaire 74 lilifanyika katika uwanja wa 20 Mai. Kutoka Marekani walifika James Brown, B.B. King, Bill Withers na kikundi cha Spinners. Miriam Makeba naye alikuwepo, pamoja na Celia Cruz, mzaliwa wa Cuba. Abeti aliimba katika tamasha hilo hilo. Binti wa mtu aliyeuawa kwa ajili ya Lumumba alisimama katika uwanja uliobeba tarehe ya kuzaliwa kwa chama cha Mobutu, mbele ya umati wa Kinshasa, na umati ulimsikiliza.

Katika soul ya Marekani, wasichana wa kuitikia walikuwa na heshima yao. Ray Charles alikuwa na Raelettes. Ike na Tina Turner walikuwa na Ikettes. Sweet Inspirations, wakiongozwa na Cissy Houston, mama wa Whitney, waliitikia nyuma ya Aretha Franklin, na mwaka 1968 wakapata wimbo wao wenyewe uliovuma. Wengi wao walitoka katika kwaya za kanisa. Kinshasa pia ilikuwa na mfano wake: Tabu Ley alicheza pamoja na wasichana walioitwa Rocherettes.

Tofauti ni kwamba wasichana wa Kinshasa waliwekwa zaidi kwa ajili ya macho. Kuitikia kwenyewe kulikuwa kazi ya wanaume, sauti mbili tatu zikipangwa juu ya gita kabla ya wimbo kuingia seben. Abeti alibadilisha mpango huo. Tigresses walicheza, lakini pia waliimba. Msichana aliyeingia hapo alipaswa kushika sauti yake bila kupotezwa na ya jirani, kujibu kwa wakati wake, na kuendelea kuimba huku mwili ukicheza. Magazeti yalikuwa yamempa Abeti mwenyewe sifa ya tigre jike mwenye kucha za dhahabu, na wasichana wake wakabeba jina hilo.

Kwa familia nyingi za wakati ule, hilo halikuwa jambo la kufurahia. Jukwaa lilihesabiwa kuwa mahali pa kupoteza watoto wa kike. Kwamba kiongozi wa orkestra alikuwa mwanamke, tena mtu aliyesoma na aliyeacha kazi ya ofisi kwa kupenda muziki, kuliwapa wasichana na wazazi wao jibu ambalo hawakuwa nalo mbele yake.

Aliyefika mbali zaidi kati yao ni Mbilia Bel. Alianza mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 17, akicheza na kuitikia nyuma ya Abeti. Alikaa miaka kadhaa katika kazi hiyo, akapita kwa Sam Mangwana, na mwaka 1981 akaingia Afrisa International ya Tabu Ley. Muda mfupi baadaye sauti yake ilisikika kutoka Kinshasa mpaka Nairobi na Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa alimpita hata yule aliyemfundisha. Abeti alipoteza msaidizi na kupata mshindani. Ndiyo hatari ya kila mtu anayefungua shule: mwanafunzi mzuri hakai.

Siyo wasichana peke yao waliopita kwake. Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu ambaye leo anajulikana duniani kwa nyimbo zake tulivu, alipiga gita katika orkestra ya Abeti karibu na mwaka 1980, kabla ya kuhamia Abidjan. Mtoto wa Kivu alijifunza kazi chini ya binti wa Kisangani.

Wakati huo Abeti hakuwa tena mwanamke peke yake mbele ya orkestra. M'Pongo Love, aliyepata polio utotoni, alianza kuvuma mwaka 1976, na mashabiki wa Kinshasa wakagawanyika kati yao wawili. Nyuma ya M'Pongo Love nako alicheza msichana wa asili ya Kasai aliyeitwa Tshala Muana, ambaye baadaye aliipeleka ngoma ya mutuashi duniani kote. Ukifuata nyayo za nyota wa kike wa Zaire wa miaka ya 1980, utakuta mara nyingi zinaanzia nyuma ya mwanamke mwingine. Katika miaka kumi hivi, safu ya nyuma ilikuwa imegeuka kuwa mlango.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu kwa wanamuziki wa Zaire. Uchumi ulianguka, viwanda vya diski vikafungwa, na wengi walihamia Afrika Magharibi au Ulaya. Abeti naye aliondoka, na mwishowe akakaa Paris. Huko alibadilisha muziki wake, akaufanya wa haraka zaidi kwa ajili ya dansi, na mwaka 1986 wimbo wake Je suis fâché ulivuma mbali kuliko nyimbo zake nyingi za mwanzo. Mwaka 1988 aliimba katika ukumbi wa Zénith mjini Paris, akiwa mmoja wa wanamuziki wa kwanza wa kike kutoka Afrika kusimama hapo kwa jina lao wenyewe. Mwaka 1989 alifanya safari ya muziki nchini China.

Ugonjwa ulimkuta akiwa bado na nguvu za kazi. Saratani ya kizazi ilimdhoofisha, na mwishoni mwa Septemba 1994 alifariki katika hospitali ya Villejuif, karibu na Paris, akiwa na umri wa miaka 39. Mwili wake ulirudishwa Kinshasa na kuzikwa huko. Wakati ule macho ya dunia yalikuwa juu ya Goma na wakimbizi wa Rwanda, na huku Kivu wengi walikuwa na maiti zao za kulilia.

Kinachobaki ni nyimbo. Mwaka 2017 sauti za wanamuziki wa Afrika zilizorekodiwa katika tamasha la Zaire 74 zilitolewa kwa diski, miaka 43 baada ya tamasha lenyewe, na Abeti yumo pamoja na ndugu yake Abumba. Mbilia Bel naye aliendelea kuimba miaka mingi baada ya kifo cha mwalimu wake wa kwanza.

Majina ya Tigresses wengi hayakufika kwa wasikilizaji. Wimbo ulipopigwa redioni, mtangazaji alitaja jina moja tu, la Abeti. Lakini msikilizaji anayetega sikio vizuri huwasikia: sauti za wasichana zinazoingia kila mara Abeti anapomaliza mstari, zikimjibu kwa pamoja bila kuchelewa. Jumapili katika makanisa ya Kanyabayonga, Kayna na Kirumba, mama mmoja huanzisha wimbo na wengine humwitikia. Hakuna anayefikiri kwamba wanaoitikia wana kazi ndogo, maana bila wao wimbo huishia kwa yule mama peke yake. Abeti Masikini aliielewa hesabu hiyo, na aliifuata mbele ya dunia nzima.