Denis Burkitt, daktari wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani

Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni miongoni mwa zile zinazoua Wakenya wengi zaidi. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, sawa na kwingineko nchini, mgonjwa aghalabu hufika hospitalini akiwa ameshindwa kumeza ugali, kisha uji, na hatimaye hata maji. Mmoja wa waliotaka kujua kwa nini maradhi haya huandama maeneo fulani na kuyaepuka mengine ni Dkt Denis Burkitt.

Alizaliwa Enniskillen, Ireland, Februari 28, 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho la kulia, na baadaye ombi lake la kazi Afrika Magharibi likakataliwa kwa sababu hiyo. Vita vya Pili vya Dunia vilimleta Kenya na Somalia akiwa daktari wa jeshi. Mwaka wa 1946 aliajiriwa Lira, Uganda, ambako alitambua kwamba mabusha yalikuwa tele upande mmoja wa wilaya na haba upande wa pili. Mazoea ya kuuliza ugonjwa uko wapi hayakumtoka tena.

Katika hospitali ya Mulago, mwaka wa 1957, alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka wa 1961, yeye pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa gari yapata kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipitia hospitali moja baada ya nyingine. Saratani hiyo ya watoto, ambayo sasa inaitwa kwa jina lake, ilionekana kufuata maeneo ya joto na mvua. Mwaka wa 1964 wanasayansi jijini London wakagundua virusi vinavyohusishwa nayo.

Umaarufu huo umefunika kazi yake nyingine. Mwaka wa 1971 alichapisha pamoja na Paula Cook tathmini ya saratani barani Afrika. Saratani ya umio ilikuwa nyingi pande za Kisumu. Mwaka huo huo, Cook alidokeza uhusiano na pombe ya mahindi, na busaa si kitu kigeni Eastlands: manispaa yenyewe iliiuza Pumwani enzi za ukoloni.

Ramani huonesha mahali, haioneshi namna. Hapo ndipo watafiti waliofuata walipotazama mchochota, yaani hali ya utando wa umio kuwaka na kuvimba. Kinywaji chenye moto mkali, pombe na moshi wa tumbaku huubabua utando huo. Seli hugawanyika upesi ili kuziba kidonda, kabla hakijapona unachomwa tena, na kasoro za kijenetiki hurundikana. Mwaka wa 2016, wataalamu wa kimataifa walitangaza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio. Kwa wapenzi wa chai ya kibandani, hilo si jambo dogo.

Ughaibuni, aina nyingine ya saratani hii hutokana na asidi ya tumbo inayopanda na kuchoma umio. Burkitt, aliyerejea Uingereza mwaka wa 1966, alidai kwamba uhaba wa makapi katika chakula cha Wazungu ulichangia henia inayofungulia asidi hiyo njia. Alilishikilia dai hilo kwa ukakamavu uliozidi ushahidi.

Alifariki Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82. Katika hospitali ya Tenwek, Bomet, madaktari wamewatibu wagonjwa wa saratani ya umio wasiofikisha hata miaka 30, na chanzo chake kwa vijana hao hakijabainika.