John Tyndall: aliyeonyesha mwanga ukipita ndani ya maji

Akina mama wa huku Mpepai wakirudi kutoka hospitali ya rufaa na karatasi inayosema jiwe la figo litavunjwa kwa leza, swali la kwanza wanaloniuliza ni kama wataunguzwa tumboni. Ni swali la haki kabisa. Mwanga huo una nguvu ya kupasua jiwe, na unapitishwa ndani ya mwili. Mimi hujibu kwa kumweleza mama habari za John Tyndall.

Tyndall alizaliwa mwaka 1820 huko Leighlinbridge, Ireland, katika familia isiyo na mali. Alianza maisha kama mpima ardhi, akapima njia za reli Uingereza, kisha akawa mwalimu. Akiwa na miaka 28 alikwenda kusoma sayansi Marburg, Ujerumani. Mwaka 1853 akawa profesa katika Taasisi ya Kifalme, London, alikokuwapo Michael Faraday, bingwa wa umeme na sumaku.

Mwaka 1854 aliwaonyesha watu jambo dogo la ajabu. Maji yalitoka kwenye tundu ubavuni mwa chombo, na mwanga ukaelekezwa kwenye tundu hilo kutokea ndani. Maji yalipopinda kuelekea chini, mwanga nao ukapinda nayo. Daniel Colladon wa Geneva alikuwa ameshafanya hivyo miaka kadhaa kabla, kwa hiyo tusimnyime sifa yake. Ila Tyndall ndiye aliyejulikana zaidi. Unaweza kujaribu usiku kwa chupa ya plastiki yenye maji: itoboe ubavuni, kisha mulika kutoka upande wa pili. Tumia tochi, siyo zile kalamu za leza wanazochezea watoto, kwa sababu zinaweza kuharibu macho.

Mwanga unaosafiri ndani ya maji ukigusa ukingo wake kwa kuparaza tu, hautoki nje. Unarudishwa ndani, unagonga upande wa pili, unarudishwa tena, hadi mwisho wa safari. Uzi wa kioo uliovikwa tabaka jingine hufanya kazi hiyohiyo, na ndivyo mkongo wa mawasiliano unavyoleta intaneti. Tyndall hakuiona leza. Ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960.

Sasa turudi kwenye figo. Mgonjwa akishapewa dawa ya usingizi au ganzi, daktari hupitisha kifaa chembamba chenye kamera kwenye njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Ndani yake hupita uzi wa kioo ambao unaweza kuwa mwembamba kama robo ya milimita. Nguvu yote hutokea kwenye ncha, kwa mapigo mafupi mafupi, na ncha huwekwa kwenye jiwe. Maji hupitishwa muda wote ili daktari aone vizuri na joto lipungue. Leza inayotumika sana kwa kazi hii, ya holmiamu, hunywewa upesi na maji, hivyo haifiki mbali na ncha. Hatari haijaisha kabisa: ncha ikigusa nyama inaweza kuijeruhi, na uzi ukikunjwa mno mwanga huvuja na uzi hukatika. Ndiyo maana anayeshika kifaa ni mtaalamu. Mwanga wa leza si eksirei, lakini eksirei nayo inaweza kutumika wakati wa matibabu hayo. Kama una mimba, au unahisi unayo, sema mapema.

Ukiwa na maumivu makali ya ubavu pamoja na homa, au mkojo umekoma kutoka, usingoje tarehe ya kwenye karatasi. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mgonjwa akirudi nyumbani huja na dawa zaidi ya moja, na hapo ndipo huwa nawaeleza wauguzaji jinsi Tyndall alivyokufa. Alisumbuliwa na kukosa usingizi kwa miaka mingi, akawa anatumia klorali usiku, na magnesia kwa ajili ya tumbo. Tarehe 4 Desemba 1893, mkewe Louisa, aliyemuuguza kwa mapenzi, alikosea chupa. Akampa klorali kwa kipimo cha magnesia. Kosa liligundulika palepale, madaktari wakaitwa, lakini alifariki siku hiyo.

Kwa hiyo dawa ya usiku usiiweke pamoja na ya asubuhi, usihamishie dawa kwenye chupa nyingine, na soma jina mchana, kwenye mwanga, kabla taa haijazimwa. Ukikosea, usimtapishe mgonjwa. Chukua chupa hiyo na umkimbize kituoni.

Louisa aliishi hadi 1940. Miaka hiyo yote alikusanya barua na karatasi za mumewe ili aandike kitabu cha maisha yake, na akafa hajakimaliza.