Lusinga wa Marungu, shefu aliyeishia saloni Brussels

Ukipanda bato Baraka kuelekea kusini, unapita Kalemie, halafu Mpala, ndipo unafika Moba. Nyuma ya Mpala kuna milima ya Marungu. Huko, karne ya 19, alitawala shefu wa Watabwa jina lake Lusinga lwa Ng'ombe. Wengi kwetu wamesikia jina tu.

Tuseme wazi kwanza: hakuwa mtu mpole. Biashara ya pembe na watumwa iliyopitia Ujiji ilimpa bunduki, naye akazitumia kuvamia vijiji vya jirani na kuuza watu. Joseph Thomson, msafiri wa kutoka Scotland, alifika kwake mwaka 1879 na aliondoka na picha ya mtawala wa kuogopwa. Kwa hiyo anayemsimulia leo kama shujaa mtupu anaruka nusu ya habari.

Mwaka 1883 akaja Émile Storms, luteni Mbelgiji aliyetumwa na chama cha mfalme Léopold II. Alivuka toka Karema, ngambo ile ambayo leo ni Tanzania, akajenga kituo pale Mpala. Alitaka mashefu wote wamtii. Lusinga akakataa. Mafahali wawili, zizi moja.

Desemba 1884 watu wa Storms, rugaruga ndani yao, walipanda mlimani na bunduki. Storms mwenyewe hakwenda. Lusinga aliuawa, kijiji chake kikachomwa, watu wake wakachukuliwa mateka. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Mpala.

Storms aliporudi Ulaya mwaka 1885, mizigoni mwake mlikuwa fuvu la Lusinga, mafuvu ya mashefu wengine wawili, na sanamu ya mti iliyotoka kwa Lusinga. Hapa Fizi hatuhitaji kuelezwa sana sanamu kama ile ni nini. Wabuyu walichonga za wazee wao, Wabembe walikuwa na vinyago vyao, na nyingi za kazi hizo ziko sasa kwenye makumbusho ya wazungu. Kwa Watabwa ile sanamu ilikuwa mzee wa ukoo, wa kuheshimiwa na kutunzwa. Kule Brussels ikawa pambo la nyumba: Storms aliipanga kwake pamoja na silaha na vitu vingine vya Afrika, namna mshabiki anavyopanga vikombe na jezi za zamani za timu yake, wageni waone alikofika na alichoshinda.

Fuvu lilienda kwa daktari Émile Houzé. Alilipima, akapeleka vipimo mbele ya wataalamu wenzake mwaka 1886. Siku zile kulikuwa na wasomi wa Ulaya walioamini kwamba mfupa wa kichwa unaonyesha tabia ya mtu na ya kabila lake zima. Ulikuwa ujinga uliovaa koti la elimu.

Storms alikufa 1918. Miaka ya 1930 mjane wake alitoa mkusanyo wote kwa makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Hapo ndipo Lusinga aligawanywa mara ya pili. Sanamu ilionyeshwa kwa watu, ikasifiwa kama moja ya kazi bora za Watabwa. Fuvu liliwekwa stoo, na mwaka 1964 likahamishiwa taasisi ya sayansi ya maumbile, Brussels. Wabelgiji wengi, na hata Wakongo wanaoishi kule, walikuja kulijua tu mwaka 2018, mwandishi wa habari Michel Bouffioux alipoliandika.

Juni 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa kwenye bustani ya Square de Meeûs, katikati ya Brussels. Mwezi uliofuata bunge la Ubelgiji lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Sheria hiyo inahusu vitu tu. Mifupa ya watu haimo.