Hugo van Lawick: Mpiga picha wa Ndutu na mtihani wa mtoto wa mbwa mwitu

Na Mwandishi Wetu – MAELEZO

Kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mpakani na Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lipo eneo la Ndutu ambako kila msimu wa mvua nyumbu hukusanyika kuzaa, nao simba, duma, fisi na bweha huwafuata. Hapo ndipo alipozikwa Hugo van Lawick, Mholanzi aliyepiga kambi katika nyika hiyo kwa zaidi ya miaka 30 akiwapiga picha wanyama wawindao. Alifariki dunia jijini Dar es Salaam tarehe 2 Juni, 2002, akiwa na umri wa miaka 65.

Filamu zake ziliiingiza Serengeti katika sebule za watu wa mataifa mengi ambao hawakuwahi kukanyaga ardhi ya Tanzania, na zilimpatia tuzo za Emmy zaidi ya moja. Hata hivyo, pamoja na picha hizo, alituachia pia swali ambalo wahifadhi wanaendelea kulijadili hadi leo: mtu anayeshuhudia mnyama wa porini akifa, je, anyooshe mkono au akae kando?

Van Lawick alizaliwa tarehe 10 Aprili, 1937 mjini Surabaya, katika koloni la Uholanzi ambalo leo ni nchi ya Indonesia. Ingawa familia yake ilikuwa ya kibwanyenye na yeye mwenyewe alirithi cheo cha baroni, utoto wake haukuwa wa raha. Baba yake alifariki angali mdogo, na malezi yake yakaendelea ugenini, ikiwemo Uingereza, kabla ya kufika Uholanzi. Alipokuwa kijana aliipenda kamera kuliko kazi nyingine yoyote, na mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja Kenya kufanya kazi na Armand na Michaela Denis, wanandoa waliokuwa maarufu kwa vipindi vyao vya televisheni kuhusu wanyama.

Mwaka 1962 mlango mkubwa ulifunguka. Kwa mapendekezo ya mtafiti Louis Leakey, Chama cha Kitaifa cha Jiografia cha Marekani kilimtuma Gombe, mkoani Kigoma, kupiga picha za kazi ya Jane Goodall, binti wa Kiingereza aliyekuwa akichunguza maisha ya sokwe. Picha zake ndizo zilizouonesha ulimwengu kwamba sokwe hutumia vijiti kuvua mchwa, jambo ambalo hapo awali lilidhaniwa kuwa la binadamu peke yake. Wawili hao walifunga ndoa mwaka 1964, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume, na wakaachana mwaka 1974.

Ilikuwa huko Gombe ambapo swali la kuingilia kati lilimfikia kwa mara ya kwanza. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwakumba sokwe wa msitu ule. Wengine walipoteza matumizi ya mikono, wengine miguu. Van Lawick na mkewe hawakukaa kutazama. Walitafuta chanjo na kuwapa sokwe ndani ya ndizi. Sokwe mmoja mzee, aliyepooza miguu yote miwili na kubaki akijikokota ardhini, hakuwa na tumaini la kupona. Baada ya kumhudumia kwa siku kadhaa, waliamua kuyakatisha mateso yake kwa risasi. Ugonjwa ule uliaminika kutoka kwa binadamu, na hoja ya kuingilia kati ilikuwa nyepesi kuitetea: aliyeleta madhara ana wajibu wa kuyaondoa.

Nyikani mambo yalikuwa tofauti. Kuanzia miaka hiyo ya 1960 van Lawick alielekeza kamera yake Serengeti na Ngorongoro. Mwaka huohuo wa 1966 yeye na Jane Goodall walichapisha taarifa ya kisayansi kuhusu tumbusi weupe waliowaona wakiokota mawe kwa mdomo na kuyatupa juu ya mayai ya mbuni ili kuyavunja. Kisha akawageukia wanyama ambao watu wengi waliwachukia: fisi, bweha na mbwa mwitu. Mwaka 1970 kilitoka kitabu walichokiandika pamoja kuhusu wanyama hao watatu, kikionesha kwamba fisi si mla mizoga tu bali ni mwindaji hodari, na kwamba mara nyingi ni simba anayempokonya fisi kitoweo chake.

Mbwa mwitu walikuwa na sifa mbaya zaidi. Katika sehemu nyingi za Afrika walikuwa wakipigwa risasi kama waharibifu, hata ndani ya hifadhi, kwa kuwa uwindaji wao unaogofya: hukimbiza windo kwa pamoja hadi lichoke, kisha hulirarua lingali limesimama. Van Lawick alikubali kwamba kulitazama tendo hilo ni kugumu, lakini alilipiga picha bila kulipamba wala kulificha. Alionesha pia upande wa pili: watoto wa mbwa mwitu huachiwa kula kwanza, na wakubwa warudipo pangoni huwatapikia nyama wadogo na wale waliobaki kulinda.

Mantiki ya kutoingilia kati ilikuwa wazi. Anayemwokoa swala hulinyima chakula kundi la watoto wasioonekana. Duma akikosa windo leo, watoto wake hulala njaa. Mpiga picha hana mizani ya kupima ni uhai upi una thamani kuliko mwingine.

Mtihani ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipokuwa akilifuatilia kundi moja la mbwa mwitu. Kwa kawaida katika kundi huzaa jike mkuu. Safari hii alizaa jike wa chini, na jike mkuu akawaua watoto wake mmoja baada ya mwingine hadi akabaki mmoja tu, jike, ambaye van Lawick alimwita Solo. Wakati hayo yakitendeka, kamera iliendelea kuzunguka na hakuna aliyeshuka garini kuyazuia. Kundi lilipohama pangoni na kuanza safari zake ndefu za kuwinda, kitoto kile dhaifu kilibaki nyuma, kikijitahidi kufuata nyayo za wenzake.

Hapo van Lawick alivunja kanuni. Alimchukua Solo, akamtunza kambini, na baadaye akampeleka kwa kundi lingine, ambalo lilimpokea. Jambo hilo hakulifanya siri. Alilisimulia katika kitabu alichokichapisha mwaka 1973 kwa jina la mnyama huyo. Wapo wanaoona kwamba aliushinda utu wake kwa muda mrefu mno, na wapo wanaoona kwamba mwishowe aliishinda sayansi. Lililo hakika ni kwamba hakuuficha uamuzi wake, na msomaji aliachiwa nafasi ya kuupima.

Muda ulilikuza swali hilo. Mwaka 1991 makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakichunguzwa katika mbuga za Serengeti yalitoweka. Magonjwa, hususan kichaa cha mbwa, yalitajwa, na baadhi ya wanasayansi walihoji kama hata kuwakamata wanyama hao kwa ajili ya utafiti hakukuwa na madhara. Kuanzia mwaka 2012, Serikali kupitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) iliwahamisha mbwa mwitu kutoka Loliondo, walikokuwa wakigombana na wafugaji, na kuwarejesha hifadhini. Kile ambacho mtu mmoja alikifanya kwa kitoto kimoja kikawa mpango wa Taifa kwa makundi mazima, lakini safari hii kwa utafiti na usimamizi wa kisheria.

Van Lawick aliendelea na kazi hadi afya ya mapafu ilipomwangusha. Filamu yake kuhusu chui mdogo anayejifunza kujitegemea ilitoka mwaka 1996, na miaka miwili baadaye ikafuata nyingine iliyoisifu Serengeti yenyewe.

Leo kila mgeni hifadhini ana kamera katika simu yake, na swali lililomkabili van Lawick linamkabili yeye pia. Magari yanayomzunguka duma humkosesha windo, na huko pia ni kuingilia kati, japo anayefanya hivyo hakukusudia. Ndiyo maana kanuni za hifadhi zinakataza kuwalisha wanyama, kuwabughudhi na kuacha njia zilizotengwa. Kuikumbuka kazi ya Hugo van Lawick ni pamoja na kuzitii kanuni hizo, na kuwaachia wataalamu waliopewa dhamana uamuzi wa lini mkono wa binadamu unyooshwe.